Kituo cha Wageni cha Laxton: soma ramani, kisha ingia makondeni

Kituo hiki ni chumba kidogo tu kando ya baa ya Dovecote Inn, kijijini Laxton, Nottinghamshire, na hakina kiingilio. Nusu saa inakitosha. Yenyewe hasa yako nje: makonde matatu ya pamoja, South Field, Mill Field na West Field, ambayo wakulima bado wanagawana kwa ngwe kama zama za kati. Kwingine Uingereza utaratibu huu karibu wote ulifutwa ardhi ya pamoja ilipozungushiwa ua ikawa ya mtu mmoja mmoja.

Kabla ya kutoka, uliza konde lipi limelazwa, yaani limepumzishwa bila kupandwa nafaka, mwaka huo. Mzunguko ni wa miaka mitatu: ngano inayopandwa kabla ya baridi, kisha zao la majira ya kuchipua, kisha pumziko au malisho. Usipojua hilo utaona mashamba tu.

Wengi hukwama kwenye ramani. Ile aliyoichora mpima ardhi Mark Pierce mwaka 1635, ambayo nakala asilia iko maktaba ya Bodleian, Oxford, inaonyesha ngwe nyembamba kama utepe. Ukizitafuta leo hutaziona, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 ziliunganishwa zikawa pana na chache. Tena kati ya ngwe na ngwe hakuna ua wala seng'enge. Angalia zao linapobadilika, au kigingi.

Vigingi hivyo vina wenyewe. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza la mahakama ya kijiji hulikagua konde la ngano, hupigilia vipya na kumwandika aliyelima akaila njia au majani ya pamoja. Wiki moja baadaye mahakama hiyo hukaa papo hapo Dovecote, na faini hutozwa kweli. Hakuna wakati bora kuliko huo wa kuielewa Laxton, ila udongo ni mfinyanzi mzito na mvua ikinyesha viatu vya kawaida havifai. Vaa gambuti. Anayefuata maua aende Juni, kabla ya majani ya mabondeni yasiyolimwa kukatwa.

Kilima cha ngome ya Wanormani (walioiteka Uingereza karne ya 11), kaskazini mwa kijiji, ni udongo mtupu, kuta hazipo. Ukirudi barabarani, tazama nyumba za wakulima: nyingi zimeupa mtaa ubavu, ua na ghala vikiwa nyuma, kwa kuwa mkulima wa hapa huishi kijijini na ngwe zake zimetawanyika kotekote.