TAHADHARI: Kontrola za studio zinazowaka taa zote lakini haziongei na programu yako

Ndugu zangu mnaorekodi muziki nyumbani, kuna mchezo unachezwa kwenye matangazo ya vifaa vilivyotumika, na nataka mwenye pesa mkononi asome hapa kabla hajatuma chochote kwa mtu yeyote.

Anayewindwa ni yule aliyechoka kuchanganya nyimbo kwa kipanya na sasa anatafuta kontrola yake ya kwanza, yaani kifaa cha kuendeshea programu ya kurekodi kwa mkono, chenye feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) za kweli za kushika kwa vidole. Kifaa anachouziwa wala si feki. Ni cha kampuni yenye jina, kinawaka, na kwenye video ya tangazo feda zinapanda na kushuka zenyewe hadi roho inatamani. Tatizo ni kwamba kompyuta yake haitaweza kukitumia, na muuzaji analijua hilo tangu siku anapiga picha.

Kilichonifanya niandike ni kontrola aliyoletewa dada mmoja anayerekodi kwaya nyumbani kwake, akaniita nimsaidie kuiunganisha. Tangazo lilidai ni ya kiprofesheno, ina feda 8 za mota (zinazojisogeza zenyewe), inafanya kazi na programu zote, na imeshajaribiwa. Nilipoigeuza nyuma sikuona tundu la USB. Kulikuwa na matundu mawili ya FireWire, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta. Ndani ya boksi muuzaji alikuwa ameweka kebo nyembamba, kichwa kimoja cha USB na kingine cha FireWire, imezungushiwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "tumia hii". Kikaratasi hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote. Maana yake alijua kabisa kwamba mteja atakwama wapi, akamwandalia kitu cha kumpotezea muda.

Kebo kama hiyo haifanyi kazi hiyo. USB na FireWire ni mifumo miwili tofauti ya kupitisha data, na waya mtupu hauwezi kuutafsiri mmoja kwenda mwingine. Tena ina hatari. Tundu la FireWire linaweza kubeba umeme wa hadi volti 30, wakati USB ya kawaida ni volti 5. Ukichomeka kebo ya namna hiyo unaweza kuunguza tundu la kompyuta au kifaa chenyewe. Kama umeletewa moja, usiichomeke popote, hata kwa kujaribu tu.

Dada alipomuuliza muuzaji, jibu la kwanza lilikuwa kwamba kompyuta yake ndiyo mbovu. Jibu la pili, anunue adapta nyingine, ambayo kwa bahati muuzaji huyo huyo alikuwa nayo. Alipoomba kurudisha kifaa, akablokiwa.

Mtu ambaye hakuwepo kwenye muziki wa kompyuta miaka ile hawezi kujua, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 FireWire ndiyo iliyokuwa njia ya studio. Digidesign walitoa Digi 002 mwaka 2002 na 003 mwaka 2007, zote kwa ajili ya programu ya kurekodi ya Pro Tools. Tascam walikuwa na FW-1884, M-Audio walikuwa na ProjectMix I/O, Yamaha walikuwa na 01X. Ni mashine nzuri na sizitukani hata kidogo. Mwenye kompyuta ya zamani yenye FireWire, mfumo wa zamani na programu ya zamani bado anaweza kuzifanyia kazi safi. Ila vyote hivyo lazima viende pamoja. Kwenye kompyuta za Apple watu waliishi miaka kadhaa kwa kuunganisha adapta mbili tatu za Thunderbolt, tundu jipya zaidi, lakini adapta haileti draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukielewa kifaa. macOS Catalina ya 2019 ilikataa programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani, na macOS Tahoe ya 2025 imeiondoa FireWire yenyewe. Muuzaji mwaminifu ataandika wazi kwamba kifaa kinahitaji kompyuta ya FireWire na atataja mfumo aliojaribia. Anayeandika "programu zote" chini ya picha ya 003 anakutapeli, hata akikuita ndugu mara kumi.

Na tundu la USB lisikupe usingizi. Tascam US-428, kwa mfano, ni ya USB, lakini inategemea draiva yake ya enzi zile. Swali la kuuliza ni hili: je, kompyuta inaitambua yenyewe bila draiva? Kama inahitaji draiva, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza uangalie draiva ya mwisho ni ya mfumo gani. Usikubali draiva anayokutumia muuzaji kwa ujumbe. Hao hao ndio wanaogawa programu za kurekodi zilizovunjwa ulinzi, zikiwa kwenye fleshi, eti zawadi, na ndani yake huwezi kujua kuna nini.

Sasa turudi kwenye ile video ya feda zinazocheza, kwa sababu ndiyo inayowamaliza wengi. Kontrola nyingi za mota zikiwashwa hujipima zenyewe: feda zinakwenda juu mpaka mwisho, zinarudi chini, taa zinawaka zote, skrini inaandika jina la kifaa. Hayo yote yanafanyika kwa umeme wa ukutani tu. Hakuna kompyuta iliyohusika, na tundu la data linaweza kuwa limekufa kabisa. Kwa hiyo video ya kuwaka inathibitisha kwamba kifaa kinawaka, basi.

Unachotakiwa kuona ni mazungumzo ya pande mbili. Mwambie muuzaji aweke skrini ya kompyuta na kontrola ndani ya picha moja bila kukata. Ashike kipanya, asogeze sauti ya trak (sauti moja iliyorekodiwa kivyake) kwenye skrini: feda ya kontrola lazima ifuate. Kisha aguse feda kwa kidole aisogeze: ya kwenye skrini lazima ifuate. Abonyeze kitufe cha kuhamia chaneli 8 zinazofuata: feda zote ziruke zijipange upya kulingana na trak hizo. Acheze, asimamishe, arekodi. Ni kazi ya dakika mbili kwa mtu mwenye kifaa kizima. Mwenye kifaa kibovu atakuambia kompyuta yake iko kwa fundi.

Kwenye kile kidole nikae kidogo. Feda nzuri za mota zinahisi mguso wa ngozi. Ukiigusa, mota inaachia, na programu inajua sasa mkono wako ndio unaoandika mabadiliko ya sauti. Kihisio kikifa, mota inapigana na wewe: unasukuma juu, inakurudisha chini, na ukiachia inaruka inarudi ilikokuwa. Kwa hiyo mkatae anayesogeza feda kwa kalamu au kwa ncha ya kucha kwenye video, mwambie arudie kwa kidole, moja baada ya nyingine, zote. Feda moja iliyokufa kati ya nane haionekani mtu akigusa mbili tu. Na ujue pia kwamba zipo kontrola zenye mota zisizo na kihisio tangu kiwandani, Behringer BCF2000 ikiwa mfano. Huo si ubovu, lakini muuzaji akikuambia ina kihisio, amekudanganya.

Neno jingine la kulikamata ni hilo la "inafanya kazi na programu yoyote". Kontrola na programu huelewana kwa itifaki maalum, yaani lugha ya mawasiliano, na zinazotajwa sana ni tatu: Mackie Control, HUI na EUCON. HUI ilizaliwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Pro Tools, na mpaka leo kontrola za kampuni nyingine huingia Pro Tools kwa mlango huo wa HUI. Programu nyingine nyingi, Logic, Cubase, Studio One, Reaper, zinaelewa Mackie Control. EUCON ni ya Avid. Kwa hiyo usimuulize kama inafanya kazi, muulize inatumia itifaki gani kwenye programu gani. Kuna vifaa vinavyotuma midi (ujumbe wa vyombo vya muziki kwa kompyuta) ya kawaida tu, ngazi 128 kutoka 0 hadi 127, ambavyo utalazimika kuvifundisha kitufe kimoja kimoja. Mackie Control hutuma mwendo wa feda kwa ujumbe wa biti 14, ule ule unaotumika kupinda noti kwenye kinanda, na kila feda ina chaneli yake ya midi. Tofauti unaisikia hasa ukishusha sauti taratibu mwisho wa wimbo.

Halafu kuna kucheza na majina. Hili ni la kawaida sana na wengi hawalioni mpaka mzigo umefika. Behringer X-Touch ina feda 9 za mota pamoja na vitufe vya kucheza na kurekodi. X-Touch Extender inafanana nayo sana kwenye picha iliyopigwa karibu, lakini ina feda 8, haina feda kuu wala vitufe vya kucheza. Imetengenezwa kuongezea nyingine. X-Touch Compact ina mota pia, ila haina zile skrini ndogo za majina ya trak. X-Touch Mini ina feda moja tu, tena haina mota. Zote zinatangazwa kwa neno moja, "X-Touch", na pesa inaombwa ya ile kubwa. Korg nanoKONTROL2 ni kifaa kidogo cha heshima kwa anayeanza, lakini haina mota hata moja. Nimeona tangazo linalosema feda zake "zinajiongoza". Omba picha ya lebo ya chini, yenye jina kamili na namba ya kifaa. Lebo iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka, maana mali hiyo huenda imeibwa.

Kontrola tupu haipitishi sauti. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaoziuza kama "miksa ya chaneli 8" kwa watu wanaotaka kuchomeka maikrofoni. Geuza picha ya nyuma uangalie: kama hakuna matundu ya maikrofoni, hakuna sauti inayoingia, na kadi ya sauti, ile ya kuingizia sauti kwenye kompyuta, utaitafuta kivyake. Zipo zenye kadi ya sauti ndani yake, nyingi zikiwa zile zile za FireWire nilizotaja, ndiyo maana tangazo lake linavutia.

Programu za bure zinazodaiwa kuja na kifaa, zisahau, ukinunua kilichotumika. Kwa kawaida namba ya usajili hutumika mara moja, na mwenye kwanza ameshaitumia. Tena nyingi ni matoleo madogo, Ableton Live Lite au Cubase LE, si programu kamili kama tangazo linavyodokeza. Kama kifaa bado kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mwambie akitoe kwenye akaunti yake kabla hujalipa.

Malipo sitayasema sana. Lipa ndani ya jukwaa lenye ulinzi wa mnunuzi, na akikuambia mhame ili kukwepa makato, mwache.

Aliyeshanunua na sasa kontrola imekaa mezani haiongei: usiifungue kwa bisibisi, kwa sababu jambo la kwanza atakalosema muuzaji ni kwamba umeiharibu wewe. Usibonyeze popote panapothibitisha kwamba umepokea bidhaa salama. Hifadhi picha ya tangazo leo hii, kabla halijafutwa, pamoja na mazungumzo yote. Piga video ya matundu ya nyuma, ya lebo, na ya kompyuta ikishindwa kukiona kifaa. Kisha fungua malalamiko kwenye jukwaa ukinukuu maneno yake mwenyewe, kwamba "inafanya kazi na programu zote", maana hayo ndiyo yanayompa kesi. Muda wa kulalamika una kikomo, na ile hadithi ya adapta inayokuja wiki ijayo ipo ili muda huo uishe.

Kwa ambaye hajalipa, nakili ujumbe huu umtumie muuzaji kama ulivyo:

"Habari. Kabla sijalipa naomba: picha ya matundu ya nyuma, picha ya lebo yenye jina kamili na namba ya kifaa, na video moja isiyokatwa ikionyesha kontrola na skrini ya kompyuta kwa pamoja. Kwenye video sogeza trak kwa kipanya, kisha gusa feda zote kwa kidole moja moja, kisha hamia chaneli 8 zinazofuata. Niambie pia ni kompyuta gani, mfumo gani, programu gani, na itifaki gani umetumia. Andika jina langu na tarehe ya leo kwenye karatasi, uiweke juu ya kifaa ndani ya video hiyo."

Muuzaji wa kweli huenda akalalamika kidogo kwamba unamsumbua, lakini video italetwa. Ukiletewa picha za kwenye intaneti, au ile ile video ya feda zinazopanda na kushuka zenyewe, usiendelee kujadiliana naye bei.