Tahadhari: mizizi inayouzwa kwa jina la "mvuje wa mlimani"

Assalaam alaykum. Ninaandika kutoka Chake Chake kuwatahadharisha wote wanaolea wazazi na watoto wachanga, kwani kuna mfanyabiashara anayezunguka na mkoba, na kuuza pia kwa simu, mizizi iliyokaushwa ambayo anadai kuwa ni mvuje wa mwituni. Mimi niliununua, na nusura niutie kinywani mwa mjukuu wangu.

Mkwe wangu alijifungua hivi karibuni, na kama ilivyo ada yetu nilitaka mvuje kidogo wa kumfunga mtoto mkononi katika kitambaa cheusi. Bwana huyo aliniambia kwamba mvuje wa dukani wote umeshachanganywa, na kwamba wake ndio wenyewe hasa, mzizi mzima uliochimbwa katika milima ya Bara. Alinionesha katika simu picha ya mmea mrefu wenye maua ya manjano, akanitoza shilingi 30,000 kwa fungu moja, kisha akaniagiza nichemshe kipande na kumnywesha mtoto kijiko asubuhi na jioni ili tumbo lisimsokote.

Nilipofika nyumbani nilianza kuingiwa na shaka, kwa sababu mvuje tunaoujua tangu kwa bibi zetu si mzizi. Ni utomvu. Mmea wake humea katika nchi kavu za milima ya Irani na Afghanistan, na ukishatimiza miaka minne au zaidi wachumaji huufukua udongo juu ya mzizi, wakaukata kichwa, na maziwa yanayotoka yakigandia hapo huyakwangua, wakaukata tena na tena kwa wiki kadhaa. Kinachotufikia sisi ni vidonge au mabonge yenye kunata, ambayo yakikaa hewani hugeuka kutoka weupe kuelekea wekundu na hudhurungi. Unga wa kopo huchanganywa na unga wa nafaka na gundi, na ukiandikwa hivyo si udanganyifu.

Basi nilichukua kipande cha mzizi ule nikakiosha kwa maji ya vuguvugu. Harufu yote ilitoka na maji, na kilichobaki mkononi kilinuka kama kuni mbichi; inaonesha mizizi ilipakwa mvuje kwa nje tu. Nilikisaga kingine katika maji safi. Mvuje halisi ukisagwa hivyo hufanya maji kuwa meupe kama tui, lakini yale yalibaki na rangi ya chai. Nikakitia kingine motoni, ambapo mvuje wa kweli hushika na kuwaka kwa mwanga mkali kwa sababu ni utomvu, nacho kikafuka moshi na kuwa mkaa. Nilipompigia simu muuzaji, alisema kwamba wa mlimani ndivyo ulivyo, na tangu siku hiyo hapokei.

Kama ingekuwa ni fedha tu ningenyamaza. Chini ya fungu nilikuta vipande vya shina lenye uwazi ndani, laini lisilo na nywele, lenye mabaka ya zambarau. Mvuje ni wa jamii ya karoti, pamoja na giligilani, uzile na shamari, jamii yenye aina zaidi ya 3,000 ambazo nyingi hufanana kwa majani yaliyochanika na maua madogo yaliyokusanyika kama mwavuli. Humo humo umo mmea uitwao kitaalamu Conium maculatum, wenye shina la namna hiyo hiyo, ambao ndio unaoaminika kuwa alinyweshwa Sokrate kule Ugiriki mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa. Sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi ikakatika, na haina dawa maalumu ya kuivunja. Hata ndugu wa karibu wa mvuje, Ferula communis wa nchi za Bahari ya Kati, huua kondoo kwa kuwatoa damu ndani ya mwili.

Sisemi kwamba nilichouziwa ni mmoja wa mimea hiyo, kwa sababu siwezi kujua, na muuzaji naye hawezi. Wanaoijua mimea ya jamii hii huitambua kwa ua, mbegu, shina na jani vikiwa pamoja na vikiwa vizima. Mzizi mkavu uliokatwakatwa hautoshi, na picha katika simu haioneshi kilichomo ndani ya mkoba.

Ninawaomba msinunue mzizi wowote kwa jina la mvuje. Na hata mvuje wenyewe, mtoto mchanga afungwe tu, asimezeshwe: madaktari wamewahi kuandika habari za mtoto wa wiki chache aliyepewa, damu yake ikashindwa kubeba hewa ipasavyo. Mwenye mimba naye asiunywe.

Aliyekwisha kunywa na akahisi miguu kulegea, kutapika au kubanwa pumzi aende hospitali saa hiyo hiyo, wala asingoje kupambazuke, na achukue kipande kilichobaki akioneshe. Fungu langu nimelitia katika chupa yenye kifuniko nikaliweka juu ya kabati, na Jumatatu ninalipeleka kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Mwenye la kwake asilitupe jaani, mbuzi wataokota.