Initramfs-tools au Dracut: kipi kiiwashe Linux yako?

Linux ikiwashwa, kerneli (kiini cha mfumo) hufungua kwanza kifurushi kidogo kwenye RAM, kiitwacho initramfs, chenye draiva za kuifikia diski. Debian, moja ya matoleo ya Linux, imekijenga kwa zana ya initramfs-tools kwa miaka mingi. Fedora, toleo jingine, ilihamia zana ya Dracut mwaka 2009, na Ubuntu Desktop 25.10 nayo imeingia huko.

Initramfs-tools ni skripti za sheli zinazoendeshwa kwa zamu. Unazisoma na kuzielewa, na hilo si jambo dogo. Lakini LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski), diski yenye nywila na mtandao, kila kimoja kinadai skripti zake, na matengenezo yanarundikana.

Dracut hutumia udev (programu inayotambua vifaa) na, kwa kawaida, systemd, msimamizi wa huduma yuleyule anayeendesha mfumo mzima: kifaa kikijitokeza, kazi yake inaanza. Kazi ya kutunza mambo yaleyale mara mbili inapungua. Mimi nipo upande huu.

Ila mafundi wa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Nyegezi, mnaohamisha diski kutoka mashine moja kwenda nyingine, jihadharini na hostonly, mpangilio wa Dracut: hubeba draiva za mashine ilikojengwa initramfs tu. Kabla ya kuing'oa diski, endesha dracut --no-hostonly --force. Initramfs-tools ina mtego uleule kwenye mpangilio wake wa MODULES=dep; weka MODULES=most, kisha update-initramfs -u.