Conan mpya wa Titan: wino umekolea, jiwe jeusi limezidi

Ninachokipitia hapa ni katuni za upanga na uchawi: jitu lenye panga, mchawi mwenye njama, na hazina ambayo lazima mtu alipe damu ndipo aiguse. Zaidi nauzungumzia mfululizo wa Conan the Barbarian ambao Titan Comics wanautoa pamoja na Heroic Signatures tangu Agosti 2023, na ndugu yake asiye na rangi, The Savage Sword of Conan, uliorudi Februari 2024. Mwishoni nimegusa katuni mbili za kampuni nyingine, kwa sababu ukimsoma Conan peke yake utadhani tapo zima la upanga na uchawi linanuna.

Uamuzi wangu nautoa mapema, mwenye haraka asihangaike. Mkusanyiko wa kwanza, yaani kitabu kinachounganisha matoleo manne, nunua. Wa tatu nunua. Wa pili azima kwa mwenzio. Battle of the Black Stone, hadithi ya pembeni ya Titan haohao, isubiri ishuke bei.

Tuanze na mchoro, maana hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Mwandishi ni Jim Zub na mchoraji aliyeubeba mfululizo tangu mwanzo ni Roberto De La Torre. Mkono wake umerudi kwa makusudi kwenye shule ya John Buscema, hasa kurasa zile za miaka ya 1970 ambazo Alfredo Alcala, Mfilipino, alizipitishia wino. Buscema aliweka mwili na mkao, kisha Alcala akajaza kila pengo, mawe, manyoya, moshi, kwa mistari myembamba isiyohesabika. De La Torre anajaribu kuwa wote wawili kwa wakati mmoja, na mara nyingi anaweza. Tazama bega la Conan anapoinua silaha. Mistari ya kivuli haikukatwa tu upande mmoja kama nyasi zilizolala, inazunguka na msuli, inabanana pale mkono unapokunjika na kuachana pale mwanga unapopiga. Kwa hiyo uzito wa upanga unauona mwilini kabla hata hujauona upanga wenyewe.

Mapigano yake yanasomeka pia, jambo ambalo wachoraji wengi wa sasa wamelisahau. Kipimo changu ni rahisi: ziba vijisanduku vyote vya maneno kwa kidole, halafu jiulize nani yuko wapi, ana silaha mkono gani, na amefikaje hapo kutoka fremu iliyotangulia. Ukikwama zaidi ya mara moja katika ukurasa, mchoraji amekuuzia pozi, hajakuuzia pigano. Katika matoleo manne ya kwanza hukwami.

Dosari ipo. Anapochora umati, na hadithi ya kwanza ina umati mwingi, mistari inakuwa mingi kila mahali, mbele na nyuma kwa uzito uleule, macho yanakosa pa kutua. Hapo rangi ndiyo inayookoa jahazi: nyuma kunafifishwa, mbele kunaachwa kukolee. Ukitaka kuona rangi inafanya kazi gani, geuza picha ya skrini iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu yako. Fremu za mtu mmoja au wawili zinabaki imara, za vita vikubwa zinageuka ukungu.

Sasa hadithi. Matoleo ya 1 hadi 4 ndiyo yanayounda Bound in Black Stone. Conan, miaka kadhaa baada ya vita vya Venarium alivyopigana akiwa kijana, anarudi kwao Cimmeria kutafuta utulivu. Mpelelezi anafika na onyo kwamba kuna jeshi linakuja kutoka nyika za Wapict, na jeshi lenyewe si la watu walio na akili timamu wala miili mizima, nyuma yake kuna uovu wa jiwe jeusi. Mpelelezi huyo ni Brissa, mwanamke wa Kipict. Anayemjua Robert E. Howard, mwandishi aliyemtunga Conan, atashtuka kidogo, kwa sababu katika hadithi zake za Conan, Mcimmeria na Mpict ni maadui wa jadi, hawali sahani moja. Zub anajua hilo na analitumia. Uaminifu kati yao unajengwa kwa vitendo, hotuba ni chache, na ndiyo sababu mwisho wa toleo la 4 unauma. Sitasema zaidi.

Kinachonifurahisha ni kwamba mbegu hiyo inaota tena kwenye mkusanyiko wa tatu, The Age Unconquered, matoleo ya 9 hadi 12. Conan anatupwa zama za Mfalme Kull, shujaa mwingine wa Howard, maelfu ya miaka kabla yake, na hapo anakutana na Brule, ambaye naye ni Mpict na ni rafiki mkubwa wa mfalme. Kull ni Mwatlantis, na kwa mujibu wa historia aliyoitunga Howard mwenyewe, Wacimmeria ni uzao wa Waatlantis. Kwa hiyo Conan anawatazama babu zake wa mbali wakila na kupigana bega kwa bega na watu aliofundishwa kuwachukia. Hilo halielezwi kwa kirefu, limeachwa kwa msomaji aliyesoma. Kwa asiyesoma, hadithi bado inakwenda.

Kati ya hizo mbili kuna Thrice Marked for Death, matoleo ya 5 hadi 8, ambapo mchoraji ni Doug Braithwaite. Conan yuko Shadizar, jiji la wezi, anakunywa kuliko anavyokula, halafu anaingia genge la wizi. Wazo ni zuri na mahali ni pazuri, pengine kuliko mahali popote kwa tapo hili. Braithwaite ni fundi, ila nyuso zake ni safi mno kwa mitaa michafu kama ile, na ukitoka kwenye wino mzito wa De La Torre unahisi umebadilishiwa mfululizo. Shida kubwa zaidi si yake. Wizi ndio ulipaswa kuwa hadithi nzima: mlango, mlinzi, mtego, usaliti. Badala yake jiwe jeusi lile la hadithi ya kwanza linaingia tena kwa mlango wa nyuma.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kuu. Jina la tapo hili, kwa Kiingereza, lilitolewa na Fritz Leiber mwaka 1961, na mashujaa wake mwenyewe walikuwa wezi wawili wa mjini wanaohangaikia kodi, mvinyo na shingo zao. Kinachotenganisha upanga na uchawi na hadithi kubwa za wafalme na unabii ni ukubwa wa tatizo. Conan akiiba kito na akaponea chupuchupu, nina wasiwasi naye, kwa kuwa anaweza kushindwa na dunia isitikisike. Dunia nzima ikiwa hatarini, najua fika itaokolewa, wasiwasi unakwisha. Titan wameufanya uovu wa jiwe jeusi kuwa uzi unaopita katika kila kitu hadi ukazaa Battle of the Black Stone ya mwaka 2024, matoleo manne ya Zub na Jonas Scharf, yanayokusanya wahusika wa Howard kutoka zama tofauti, Solomon Kane na Dark Agnes wakiwemo. Scharf anachora vizuri, hasa madude. Lakini kila mhusika anapewa kurasa chache za kujitambulisha, chache za kupiga, na basi. Kama humjui El Borak, mmoja wao, kabla ya kuifungua, hutamjua baada ya kuifunga. Hii ni bidhaa ya anayekusanya kila kitu. Msomaji wa kawaida hapungukiwi akiiruka.

Savage Sword imekwepa mtego huo kwa umbo lake tu. Ni jarida kubwa kuliko katuni ya kawaida, karibu na karatasi ya A4, nyeusi na nyeupe, lenye hadithi zaidi ya moja ndani. Jina hili si geni: Marvel walilitoa kuanzia 1974 hadi 1995, matoleo 235, na kwa mashabiki wengi Conan wa kweli ni yule. Toleo la kwanza la Titan lina jalada la Joe Jusko, na ndani kuna hadithi ndefu ya John Arcudi iliyochorwa na Max von Fafner, kisha Solomon Kane ya Patch Zircher anayeandika na kuchora mwenyewe. Kwangu Zircher ndiye aliyelibeba jarida. Kane wake ni mwembamba, kofia inaficha nusu ya uso, na maeneo makubwa meusi yameachwa meusi kweli, hayakujazwa mistari. Mchoraji mwoga angeyajaza.

Neno moja kuhusu Kane, kwa msomaji wa kwetu. Hadithi za Howard zinazomleta shujaa huyo Afrika ziliandikwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 na mtu wa Texas, na zinamwona Mwafrika kwa jicho la huko na wakati ule. Ukizifuata baada ya kunogewa na katuni, jiandae. Aliyelijibu jambo hilo kwa vitendo ni Charles R. Saunders na shujaa wake Imaro, mpiganaji Mwafrika katika dunia iitwayo Nyumbani. Hiyo ni riwaya, haina picha, ila ndiyo ningempa kijana anayeuliza kama tapo hili lina nafasi yake.

Upande wa kusoma na kununua, mambo haya yanagharimu pesa yakikosewa. Ukurasa wa katuni ya Kimarekani una upana wa kama sentimita 17 na urefu wa 26. Skrini ya simu yenye upana wa sentimita 7 inakuonyesha ukurasa kwa asilimia 41 ya ukubwa wake, na masimulizi ya Zub, ambayo ni marefu na yamewekwa kwenye visanduku na timu ya Richard Starkings, Comicraft, hayasomeki bila kukuza. Njia ya kusoma fremu moja moja inasaidia maneno lakini inaua mpangilio wa ukurasa. Fremu ndogo iliyopachikwa ndani ya kubwa inakatwa, na mshtuko wa kufunua ukurasa unapotea. Tableti ya inchi 10 au 11 inakupa asilimia 80 hivi au zaidi, na hapo unasoma kwa raha. Savage Sword kwenye skrini ndogo ni balaa zaidi: mistari ya wino ikiwa myembamba kuliko nukta za skrini, inaungana na kutoa mawimbi ambayo hayapo kwenye karatasi. Kuza mpaka yapotee, ama nunua la karatasi.

Kwa karatasi, toleo moja moja lililobanwa kwa pini hulala wazi, na picha inayovuka kurasa mbili unaiona yote. Mkusanyiko uliofungwa kwa gundi humeza katikati ya picha hiyo, na ukiulazimisha, mgongo unapasuka. Hata hivyo mkusanyiko ndio unaolipa, kwa kuwa kila mmoja una hadithi kamili ya matoleo manne, na wa kwanza una pia hadithi fupi ya utangulizi iliyotolewa bure Mei 2023. Matoleo moja moja yana makala za Jeffrey Shanks nyuma, zinazoeleza asili ya wahusika wa Howard. Mimi nazipenda, mwingine hatazikumbuka. Usilipie zaidi kwa sababu ya jalada tofauti. Ndani ni kilekile.

Ukiagiza kutoka nje, mwombe muuzaji aweke katuni kati ya kadibodi mbili ngumu na aibane isiteleze. Pembe zinazokunjika safarini hazinyooki tena. Wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar wana adui mwingine, unyevu. Pini hushika kutu na kutia doa ukurasa wa katikati. Mfuko wa plastiki na kadibodi isiyo na asidi, pakiti ndogo ya silika ndani ya boksi, boksi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje. Zipange zimesimama, zikiwa zimebanana kiasi. Zikilegea zinapinda.

Zile mbili za pembeni sasa. Head Lopper ya Andrew MacLean, kutoka Image, ni kinyume cha De La Torre kabisa: maumbo ya pembe, rangi bapa, wino kidogo. Shujaa wake, Norgal, anatembea na kichwa kilichokatwa cha mchawi Agatha ndani ya mfuko, na kichwa hakinyamazi. Barbaric ya Michael Moreci na Nathan Gooden, kutoka Vault mwaka 2021, ina mshenzi aliyelaaniwa kutenda mema na shoka linalolewa damu. Inachekesha, ina matusi, na damu inamwagika kama bomba limepasuka. Zote hizi, pamoja na Conan, si za kumwachia mtoto mezani. Kuna vichwa vinavyokatwa na miili isiyo na nguo.

Asiyewahi kugusa tapo hili aanze na Bound in Black Stone, kisha aende moja kwa moja toleo la kwanza la Savage Sword. Akipenda la pili kuliko la kwanza, asiendelee kununua mfululizo wa rangi. Atafute mikusanyiko ya Savage Sword ya zamani, yenye wino wa Alcala.