Safari "nyepesi" ya baiskeli pwani: cheni imekatika, nimelaumiwa mimi

Sirudi tena kwa hawa wanaotembeza watu kwa baiskeli. Naandika hivyo kwanza ili ijulikane, kwa sababu najijua, nikifika katikati nitaanza kulainika.

Yalikuwa matembezi ya nusu siku kwa baiskeli za milimani: kwenda kando ya bahari, kukata ndani mashambani, kisha kurudi kwa njia ya ufukweni. Tangazo lao lilisema ni safari nyepesi, hata asiyezoea ataweza. Mimi si kijana, magoti yangu siku hizi yanalalamika hata kwenye ngazi, na ni hilo neno "nyepesi" lililonitoa nyumbani. Tulikuwa watu 7 na mwongozaji mmoja, kijana mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo.

Saa ya kwanza sina la kulalamika, na nitasema ukweli hata kama unaniuma. Kijana kazi ya njia anaijua. Kabla hatujashuka mchangani alitusimamisha, akapita baiskeli moja moja akitoa upepo kidogo kwenye matairi na kuyabonyeza kwa kidole gumba mpaka akaridhika. Tairi pana lililolegea kidogo hutandazika juu ya mchanga, lililojaa ndi huchimba na kuzama. Alitupeleka kwanza upande wa upepo wa mbisho wakati bado tuna nguvu, ili wakati wa kurudi utusukume mgongoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na ule mchanga uliotoka kuachwa na bahari ulikuwa mgumu kama sakafu iliyopigwa saruji. Unakanyaga taratibu, unasikia tairi likichapa maji mepesi, vikaa vinakimbilia mashimoni mbele yako. Nilijikuta nacheka peke yangu.

Ila cheni yangu ilikuwa inalia. Tangu tunatoka. Kwichi, kwichi, kila mzunguko wa pedeli. Nikamwambia, "Mwanangu, hii cheni vipi, mbona inalia?" Akajibu bila hata kugeuka: "Mchanga tu huo mama, itanyamaza." Tuliposimama kunywa maji niliigusa kwa kidole. Cheni iliyotunzwa hukuachia weusi wa mafuta. Hii iliniachia wekundu wa kutu, mkavu, kama unga. Nikapangusa kidole kwenye suruali, nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu, kama nina kosa.

Tulipoacha bahari tukaingia kwenye kijia cha mashambani, vichaka huku na huku, kivuli kizuri, na mbele kikaanza kilima. Si kilima cha kutisha. Katikati ya mpando nikabadilisha gia, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kimevunjwa, na mguu ukaenda chini bila kukuta kitu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani imebaki moja kumbe zimeisha. Goti likagonga usukani. Nikaanguka ubavu kwenye majani. Cheni ilikuwa imelala njiani nyuma yangu kama nyoka aliyekufa.

Kijana akarudi. Hakuniangalia mimi, aliangalia cheni. Kisha akasema, watu wote wanasikia: "Bi mkubwa, umeikata. Umebadilisha gia huku unakanyaga kwa nguvu." Ile "mama" ya ufukweni ilikuwa imekwisha, sasa nimekuwa bi mkubwa, na si bi mkubwa ya heshima. Akaongeza, "Ndiyo maana mtu asiyejua baiskeli huwa tunamshauri akae nyuma." Nani alinishauri? Wakati wa kujiandikisha waliniuliza urefu wangu, basi.

Sasa nikubali jambo moja kabla hajalisema mwingine. Ni kweli nilibadilisha gia nikiwa nimeegemea pedeli. Haifai. Kwenye mpando unatakiwa ulegeze miguu kidogo, gia ihame, ndipo ukanyage tena, na hilo nalijua. Kwa hiyo siku ile nilijiuliza: pengine kijana ana haki?

Hana. Nimekiokota kile kipande, ninacho hapa ninapoandika. Ni kibamba cha pembeni cha pingili moja, kimepasuka kuanzia kwenye tundu la pini. Ukikigeuza kwenye mwanga unaona mpasuko wenyewe una rangi mbili. Sehemu kubwa ni nyeusi yenye kutu, na pembeni kabisa kuna ukanda mwembamba unaong'aa kama chuma kipya. Chuma kilichopasuka leo hung'aa. Kilichopata kutu ndani ya ufa kilipasuka zamani, maji ya chumvi yakaingia, kikaendelea kubeba watu. Mimi nilimalizia ule ukanda mwembamba tu. Waliotangulia kuipanda waliponea chupuchupu bila kujua.

Na hapo bado. Mwongozaji hakuwa na kifaa cha kutolea pini za cheni! Mfukoni ana pampu na simu. Anatembeza watu kando ya bahari, penye mchanga na chumvi, viwili vinavyokula cheni kuliko kitu kingine chochote, halafu hana kifaa ambacho kinaenea kwenye kiganja. Alipiga simu, akatuambia gari litakuja. Litakuja lini? "Lipo njiani." Tuliokwishaisikia sentensi hiyo maishani tulikaa chini kabisa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja katika wateja wenzangu, mtu wa maneno machache, ambaye tangu asubuhi wenzake walikuwa wanamtania kwa kimfuko alichofunga chini ya tandiko. Alipiga magoti, akatoa pini, akaondoa pingili mbovu pamoja na za jirani yake, akaunganisha ncha mbili kwa kile kiungo cha kufunga kwa mkono. Mikono yake ilikuwa haina haraka. Akaniambia cheni sasa imepungua inchi moja, kwa hiyo nisiipeleke kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma, inaweza kukaza na kung'oa vitu. Ile gia kubwa ndiyo nyepesi. Kwa maneno mengine, kilima kilichobaki nilikipanda kwa gia nzito, na goti limevimba. Safari nyepesi hiyo.

Tulikuwa tumepoteza karibu saa nzima, na bahari haimsubiri mtu. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika kidogo, kwa hiyo njia ya ufukweni ina muda wake. Tulipotokea tena upande wa maji, ile sakafu ya asubuhi ilikuwa imefunikwa. Kulibaki ukanda wa mchanga mkavu, laini, ambao hata tairi lililolegezwa halipiti. Tukashuka, tukasukuma. Upepo wa mgongoni tulioahidiwa ulikuwepo, ila unamsaidia nini mtu anayesukuma?

Ofisini kwao ndipo nilipochemka kabisa. Dada wa mapokezi alitaka nilipie cheni. Nilimwekea kile kibamba mezani, nikamwonyesha zile rangi mbili, nikamweleza kipimo ambacho fundi yeyote anakijua: kwenye cheni mpya, kutoka pini ya 1 hadi ya 25 ni inchi 12 kamili, na ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, imechakaa, ibadilishwe. Nikamwomba rula. Hakuleta rula. Alikiangalia kibamba muda mrefu, akasema "basi mama, yaishe." Pole sikuisikia. Nyuma ya jengo niliziona baiskeli zimeegeshwa na chumvi ya siku ile, zinakauka juani. Ndoo ya maji yasiyo na chumvi na tone la mafuta kwa kila pingili, ndiyo kazi yote iliyohitajika.

Nilishaandika nyota 1. Halafu siku mbili tatu baadaye kijana akanitumia ujumbe, bila shaka namba aliitoa kwenye fomu: "Mama, goti linaendeleaje? Nimenunua kifaa cha cheni." Nilikaa nao mkononi. Sikujibu siku hiyo. Niliwaza ule mchanga mgumu, na tairi likichapa maji, na jinsi alivyopita kwa kila mtu akibonyeza matairi kwa kidole gumba.

Basi nyota 2. Njia yenyewe nyota 5, na nikipata baiskeli yangu mwenyewe nitaipita tena, ikiwezekana na yule mzee. Lakini mtu anayeniita bi mkubwa nikiwa nimelala kwenye majani siwezi kumpa 3, hata akinunua vifaa vya karakana nzima. Ninyi mkienda, gusa cheni kwa kidole kabla hujapanda. Kidole kikitoka chekundu omba baiskeli nyingine, hata ukiambiwa itanyamaza.