Maktaba au mtandaoni: utafiti wa biolojia uanzie wapi?

Kwa mada nisiyoifahamu, mimi huanza na maktaba. Katika mpangilio wa Dewey (mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba za mada), biolojia iko namba 570, mimea 580, wanyama 590. Kitabu cha kiada kitakupa istilahi na msingi kabla hujazama. Tatizo ni umri: sura ya jenetiki iliyoandikwa kabla ya 2012 haitakufundisha kuhariri jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali unapolenga.

Hapo mtandao unashinda. PubMed, tovuti ya kutafuta makala za tiba na biolojia, ni bure, ila mara nyingi huonyesha ikisiri (muhtasari wa makala) tu; makala kamili zitafute PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000. Google Scholar huonyesha makala imenukuliwa mara ngapi, ingawa (tusidanganyane) hata makala iliyobatilishwa huendelea kunukuliwa. Ukidaiwa malipo, rudi kwa mkutubi: maktaba nyingi za vyuo zimeshalipia majarida.