SGR ya Nairobi-Mombasa kwa kijana anayesafiri pekee yake

Kama una mjukuu anaenda chuo Mombasa na roho yako haitulii, mwache apande treni ya SGR, mi nawapa nyota tano. Wangu alijikatia tiketi kwa *639# akalipa na M-Pesa, nilitaka nimkatie akaniambia shosho tulia nishamaliza, basi. Ekonomi ni 1,500 tangu Januari 2024, zamani ilikuwa elfu moja, lakini kila mtu ana kiti chake na hakuna kusukumana. Pale Syokimau, stesheni ya Nairobi, awe na kitambulisho, mabegi yanapangwa chini kwa laini mbwa wa polisi anapita akinusa, halafu skana, na kama huna tiketi huendi mbele, hapo ndo unamwachilia utake usitake. Nilimwona akipanga begi lake bila kuuliza mtu, akamwinulia pia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni begi lake, aki nilisikia raha, huyu si nimemlea mimi jamani! Asichukue ile ya kusimama simama Emali, Voi, Mariakani kama ana haraka, ekspresi ni kama masaa matano. Na stesheni ya kule iko Miritini si mjini, so abaki na nauli ya matatu.